Sinki la Darasa la Sanaa

Mimi ni mkaguzi wa usafi. Kazi yangu ni kuingia kwenye majiko ya hoteli na mikahawa bila kutoa taarifa, na jambo la kwanza ninalofanya, hata kabla salamu hazijaisha, ni kwenda kwenye sinki. Mpishi anaweza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akanivutia kiti, akanisifia viatu. Sinki halijipendekezi kwa mtu. Likiwa chafu, najua na jokofu litakuwa na yake ya kueleza. Wapishi huniita Bibi Afya nikiwa mbele yao. Nikigeuka mgongo wana jina lingine, ambalo sitaliandika hapa.

Nyumbani nako tabia hii hainiachi, na mume wangu alishakata tamaa zamani. Yeye hujenga madaraja. Daraja likikamilika tunafunga mizigo, tunaifuata kazi nyingine, na binti yetu wa pekee anaagana na marafiki zake na kuanza upya. Ana miaka kumi na miwili. Baba yake alimbandika jina la Gundi, kwa sababu tangu alipojua kushika mkasi vidole vyake havikuwahi kukauka gundi. Alikuwa anatengeneza vikaragosi vya karatasi na vitambaa, halafu anavisemesha. Ukitaka kujua Gundi amenuna kwa nini, ulikuwa humuulizi Gundi. Ulikuwa unamuuliza kikaragosi, nacho kinakumwagia yote.

Tangu tuhamie nyumba hii, vikaragosi viko ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda chake, na sanduku lenyewe limezungushiwa selotepu pande zote. Hajalifungua hata siku moja. Haongei sana pia. Ukimuuliza jambo, jibu ni "sawa" au "hamna kitu," basi.

Sasa naomba nieleweke. Mimi ni mtu ninayelipwa kwa kufungua makabati ya watu. Sanduku lililofungwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe lilikuwa linaniwasha kama upupu. Kila nilipofagia chumba kile nililisogeza, nikalitikisa kidogo, nikasikia vitu vidogovidogo vikigongana humo. Vilikuwa vidogo mno kuwa vikaragosi. Ni nini? Nilikuwa nakaa kazini, mbele yangu sufuria la mtu, na akili yangu iko chini ya kitanda cha mwanangu. Lakini nilimwahidi kwamba sitaligusa, na kulitikisa nilijihesabia kwamba si kuligusa. Nilichotaka ni alifungue mwenyewe, kwa mkono wake.

Ndiyo maana suala la shule lilikuwa zito kwetu.

"Tafuta shule ya kimataifa," mume wangu aliniambia kwenye simu kutoka kwenye daraja lake, makelele ya mashine yakimzidi sauti. "Yenye mtaala unaofundishwa nchi nyingi, tukihama tena asirudishwe nyuma. Na iwe inajali sanaa kwelikweli, siyo ile ya kuchora nanasi Ijumaa mchana. Mtoto anazimika huku tunamwangalia, mke wangu."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Niliuliza huku na huku, nikapiga simu, nikachuja, nikabaki na shule mbili. Moja iko juu ya kilima, nyingine nyuma ya karakana ya mbao. Zote zilikuwa na nafasi, na zote zilitaka jibu kabla wiki haijaisha.

Tulianza na ya kilimani. Tulipokewa na dada mmoja mchangamfu, kazi yake ni kuwatembeza wazazi, na alitembea kwa haraka mpaka nikaanza kuhema. Alituonyesha ukumbi wa maonyesho wenye viti vyekundu, chumba cha muziki, chumba cha kudansia chenye vioo ukuta mzima. Kisha akafungua mlango wa darasa la sanaa, na mimi nikasimama mdomo wazi.

Kuta zilijaa picha, kila moja ndani ya fremu, zote zimening'inia kwenye mstari ulionyooka. Brashi zilipangwa kwa ukubwa, kuanzia nyembamba kama uzi. Sakafu ilikuwa inang'aa. Na masinki! Yalikuwa meupe, makavu, bila doa, na vizibo vyake vimelazwa pembeni kwenye kitambaa. Nilipitisha kidole nyuma ya bomba, pale ambapo kila mtu husahau, na kidole kikarudi kama kilivyokwenda. Nimekagua majiko ya hoteli kubwakubwa na sijawahi kuona kitu kama kile. Nilitamani kumkumbatia dada yule.

"Kazi za wanafunzi wetu zimeshinda mashindano mengi," alisema.

"Naona," nikamjibu, lakini macho yangu yalikuwa bado kwenye sinki.

Gundi alikuwa amesimama karibu na brashi. Aligusa moja kwa kidole gumba, akairudisha. Baadaye nikamwona anamuuliza dada yule jambo fulani kwa sauti ndogo, na dada akatabasamu na kutikisa kichwa. Sikusikia ni nini, kwa sababu nilikuwa nimeinama nachungulia bomba la chini. Nalo lilikuwa safi.

"Umeionaje?" nilimuuliza tulipoingia kwenye gari.

"Sawa."

Jioni nilimpigia baba yake nikiwa na furaha tele. Nikamwambia msako umekwisha, shule imepatikana, masinki yake ungeweza kuogeshea mtoto mchanga.

"Gundi anasemaje?"

"Amesema sawa."

"Mke wangu, huyo mtoto hata akiulizwa kama sindano inauma anasema sawa. Ile nyingine mmeiona?"

Hatukuwa tumeiona. Na katika kazi yangu, ukishapanga kukagua mahali huachi njiani eti kwa sababu pa jana palikuvutia. Kwa hiyo kesho yake tukaenda, mimi nikiwa nimeshakata shauri moyoni, nimekwenda kutimiza wajibu tu.

Shule ya pili ilikuwa na lango jembamba, na harufu ya vumbi la mbao ilituingia puani kutoka karakana ya jirani. Hakuna aliyetutembeza. Mlinzi alituelekeza kwa kidole, "Nyooka, ukisikia nyundo umefika," na kweli nyundo zilisikika. Mwalimu wa sanaa alikuwa mama wa makamo mwenye aproni iliyosimama yenyewe kwa ugumu wa rangi. Gundi akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mikono yake yote miwili imeshikilia kiti ambacho gundi yake ilikuwa haijakauka.

"Karibuni sana. Siwapi mkono, mtanasa," alisema. "Tazameni tu mnachotaka."

Mimi niliona sinki. Mungu wangu. Lilikuwa sinki kwa jina tu. Rangi zilikuwa zimegandiana humo tabaka juu ya tabaka, udongo wa mfinyanzi umeziba nusu ya tundu, na pembeni kulikuwa na ndoo yenye uji mzito wa karatasi unaonuka. Mkono wangu uliingia kwenye mkoba wenyewe na kutoka na tochi, ile ya kazini. Nikachuchumaa nikamulika chini.

"Unatafuta nini, mama?" mwalimu akauliza.

"Panya."

"Hao bado hatujaanza kuwafundisha. Nafasi zimejaa."

Sikucheka. Nilimwambia mimi ni mkaguzi wa usafi, na kwamba sinki lile lingekuwa la mkahawa ningeufunga siku hiyohiyo, na mwenye mkahawa angenijua mimi ni nani.

"Na ungefanya vizuri sana," akanijibu, hata hakukasirika. "Lingekuwa la mkahawa hata mimi nisingekula hapo. Lakini hapa watoto wanafanya kazi tangu asubuhi. Likikaa siku mbili bila doa ndiyo nitaanza kuwa na wasiwasi, nijiulize wamekuwa na nini."

Nikiwa palepale chini, na tochi yangu inawaka bure mchana kweupe, nikawaza ule weupe wa kilimani. Brashi zimepangwa. Masinki makavu. Vizibo vimelazwa kwenye kitambaa. Tulikwenda pale siku ya masomo, saa za masomo. Watoto walikuwa wapi? Maji yaliyooshea brashi zile yalimwagwa wapi? Mimi, Bibi Afya, niliyewahi kugundua jiko la maonyesho tu lililowekwa mbele ili wageni wapige picha, huku chakula kinapikwa uani, nilikuwa nimepita katikati ya darasa lisilotumika na nikalipatia alama zote.

Niliposimama nikagundua Gundi hayupo pembeni yangu.

Alikuwa kule mlangoni, mbele ya rafu ndefu iliyojaa vitu vibovu. Kulikuwa na vyungu vilivyopasuka, picha zilizochanika, farasi mwenye miguu mitatu. Mwalimu akanieleza bila hata kugeuka kwamba ni desturi yao. Kitu kikikushinda hukitupi wala hukifichi. Unakiweka kwenye rafu, na yeyote anayepita anaweza kukichukua akaendelea nacho.

Gundi alikuwa ameshika kichwa cha kikaragosi kikubwa, cha mzee mwenye masharubu, taya lake limekwama.

"Bawaba yake wameweka waya," alisema. Hakuwa anaongea na mimi. "Waya unakwama. Inatakiwa kitambaa."

"Vitambaa viko kwenye kikapu," mwalimu akasema, akaendelea kubana kiti chake. Hakumfuata, hakumsimamia, hakumwambia angalia usichafuke.

Nami nikajilazimisha kusimama nilipo. Haikuwa kazi ndogo. Niliona mwanangu anakunja mikono ya shati, anachovya vidole kwenye ile ndoo niliyotaka kuifungia, anakata, anabandika, anapuliza. Ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Sura ile sikuwa nimeiona tangu nyumba iliyopita, nami nikageuka nikajifanya nakagua dirisha.

Mara sauti nene ikatoka nyuma yangu. "Mama, zima hiyo tochi, unamaliza betri."

Nikageuka. Ni yule mzee wa masharubu, taya linafunguka na kufungika kama kawaida. Mwalimu alicheka mpaka kiti kikamponyoka.

Kwenye gari nilimuuliza Gundi kule kilimani alimuuliza nini yule dada.

"Niliuliza vitu vilivyoharibika wanaviweka wapi."

"Akasemaje?"

"Akasema hawana." Akatazama nje ya dirisha. "Pale mimi ningeogopa kushika chochote."

Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake. Nikasikia kitu kinaburuzwa sakafuni. Akatokea jikoni amebeba sanduku, akaliweka juu ya meza, akachukua kisu kwenye droo ya pili, akanipa.

"Kagua," alisema.

Nilikata selotepu upande mmoja, yeye akamalizia uliobaki. Juu kulikuwa na vikaragosi nilivyovijua, yule askari, yule bibi mwenye kofia, paka wawili. Chini yao kulikuwa na kimoja ambacho sikukijua. Kilikuwa cha mwanamke aliyevaa koti jeupe kama langu la kazini, mkononi kina tochi iliyotengenezwa kwa kifuniko cha kalamu. Nyusi zimekunjwa kama zangu. Lakini sehemu ya mdomo ilikuwa tupu. Na pale chini kabisa kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko ndimo vilimokuwa vile vitu vidogo vilivyokuwa vikigongana. Ilikuwa midomo, ya karatasi ngumu, iliyopakwa rangi, mingi ajabu. Mingine ilikuwa imepinda, mingine imecheka upande mmoja, mingine imekatwa katikati kwa hasira.

"Ulinishinda mdomo," Gundi alisema. "Nilikuwa nakutengeneza nikupe tukihamia huku. Kila nikitengeneza unakuwa siyo wewe. Nikaharibu yote hiyo."

"Sasa kwa nini ulinificha, mwanangu?"

Alisugua gundi kwenye kidole chake. "Wewe ukiona kitu kibaya unakifunga, Mama. Nilidhani ukiona hivi utaona uchafu tu."

Nilichukua mdomo mmoja kwenye mfuko, uliopinda kushoto, nikauliza, "Hapa nilikuwa nasema nini?"

"'Nani ameacha sinki hivi?'"

Mdomo ulikuwa umetoka kama wangu kabisa. Nikacheka, machozi yananitoka, naye akacheka, halafu akaacha ghafla na kunikazia macho kama fundi. Alivuta karatasi, akachukua penseli, akaniinua kidevu kwa vidole vyake vinavyonata.

"Usisogee. Sema kitu chochote, niuone unavyokwenda."

"Tunakwenda shule ya nyuma ya karakana," nikasema.

Penseli yake ikasimama juu ya karatasi. Aliniangalia machoni, kisha akaurudia mdomo.

"Sema tena," akaniambia. "Taratibu."

Nikasema tena.