Na Hivi Vitafutwa Pia

Abigail hakuchora kwa mkono hata fomu moja ya programu ya kompyuta aliyokitengenezea chama cha ushirika cha maziwa pale Chekalini, na jambo hilo alilisema kwa majivuno. Zana aliyotumia ni ya wavivu, na wavivu wa kompyuta ni watu wanaoheshimiwa. Unaieleza tu mwanachama ni nini, ng'ombe ni nini, na nani yuko chini ya nani. Kurasa za kuongeza, kubadilisha na kufuta inazichora yenyewe. Maelezo aliyapata kwa Khaemba, katibu wa chama.

"Mwanachama ni nani?" alimuuliza.

"Mwenye boma."

"Na bibi yake?"

"Yuko chini ya mwenye boma. Ng'ombe pia."

Abigail akaandika hivyo hivyo. Mashine haina ubishi.

Kisha Lusweti akafa. Alikuwa mwanachama mwema, kwa maana kwamba jina lilikuwa lake, na mkewe Jescah ndiye aliyekamua, akabeba mtungi, akapanga foleni kila asubuhi. Akazikwa, watu wakanyoa. Siku ya kunyoa ndiyo siku mali na madeni ya marehemu husemwa mbele ya ukoo, na Khaemba mwenyewe alisimama kwa niaba ya chama. Akasema chama hakidai wala hakidaiwi, na ng'ombe wabaki na Jescah. Wazee wakaitikia. Maneno ya siku hiyo hayarudishwi. Hata walevi wanalijua hilo.

Jumatatu Khaemba akaketi kwenye kompyuta amfute marehemu, kama kanuni za chama zinavyotaka. Abigail alikuwepo kumwelekeza. Jescah naye alikuwepo, leso juu ya kichwa kilichonyolewa, mtungi miguuni, akingoja kupimiwa. Siku hizi asiye kwenye kompyuta hapimiwi, na maziwa ya Jescah ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha mwanawe Mark.

Khaemba akabonyeza "Futa". Ukurasa ukafunguka, safi kabisa.

Una uhakika unataka kumfuta Lusweti? Na hivi vitafutwa pia:
Mke: Jescah
Ng'ombe: Kadogo
Ng'ombe: Mweusi

Jescah akanyoosha shingo, akasoma.

"Katibu, mimi nilikufa lini?"

"Hujakufa, Mama Mark. Ni kompyuta inasema."

"Na kompyuta iliambiwa na nani?"

Khaemba akamtazama Abigail.

"Mimi niliambiwa na wewe, mzee," Abigail akasema.

"Si ndivyo tumefanyanga miaka yote?" Khaemba akajitetea. "Mwenye boma akienda, tunaandikisha ndugu yake."

"Basi bonyeza," Jescah akasema. "Niko hapa, naona."

Kitufe kiliandikwa: Ndiyo, nina uhakika. Tangu chama kianzishwe, hakuna katibu aliyewahi kuulizwa kama ana uhakika. Kidole cha Khaemba kikabaki hewani.

"Siku ya kunyoa ulisema ng'ombe ni yangu. Ulisema mbele ya watu, na obusuma yangu, hii ugali nakula, iko kwa mkono yako. Leo unaniondoa na kidole moja?"

Khaemba aliona aibu, na aibu hiyo ilimfaa sana. Akaurudisha mkono mapajani.

"Abigail," akasema polepole, "huyu mama anaweza kukaa peke yake huko ndani?"

Anaweza, tena kwa mistari michache. Abigail akaieleza zana upya: mwanachama ni yule anayeleta maziwa, ng'ombe wako chini yake, na mwenzi wake pia, kama anaye. Fomu zikajichora upya bila kinyongo. Jescah akaingizwa, maziwa yakapimwa.

Alipokuwa akifunga mtungi, akaona jina chini ya lake.

"Na huyu?"

"Ni mzee wako," Abigail akasema.

"Nikimfuta?"

Abigail akabonyeza ili amwonyeshe.

Una uhakika unataka kumfuta Lusweti? Hakuna kingine kitakachofutwa.

Jescah aliyasoma hayo mara mbili. Machozi yakamtoka, yale ambayo kaburini yalikataa kutoka, na hakuyaficha. Alimpenda yule mtu, pamoja na uvivu wake wote.

"Mwache akae hapo," akasema, akijitwisha mtungi. "Kwani ni yeye alikuwanga analeta maziwa?"