Karibu ya Kiarabu

Kijiko kiligonga gilasi mara tatu, alfajiri bado. Bi Mahfudha akaiweka chini kofia ya viua aliyokuwa akiishona, akaenda chumbani. Tangu kiharusi kimfunge ulimi, mumewe Msellem aliita kwa kijiko.

"Nnakuja, bwana. Hata hakujaadhiniwa."

Alimgeuza ubavu taratibu, kama mtu ageuzaye mkate usivunjike. Ukutani, juu kidogo ya godoro, mstari wa matope ya mvua ya mwaka jana haukuwa umefutika. Redio ilisema nyingine ingefika usiku wa leo. Na kalvati la mbele ya nyumba, lipitishalo maji chini ya barabara mpaka bondeni, kwenye wadi, mto mkavu ufurikao mvua inaponyesha, lilikuwa bado limeziba kwa mawe.

"Twende kwa mpwa wako, siku mbili tu?"

Kijiko kikagonga mara moja. Sitaki.

Alikwisha piga simu ofisi ya barabara mara sita. Nchi hii ya Kiarabu ni ndogo, simu ilipokewa upesi, na kijana wa huko, Yaqdhan, alimuuliza hali ya Msellem kwa jina. Kila mara alimaliza kwa adabu, akimwita mama mdogo, "Qariban, khala." Siku ya kwanza Bi Mahfudha alicheka. Karibu ya Kiswahili ni mlango ulio wazi. Ile ya Kiarabu ni hivi punde. Mara ya sita hakucheka.

Saa nne Yaqdhan akaja mwenyewe, kwa gari lake. Alivua viatu bila kuambiwa, akambusu Msellem kipajini. Bi Mahfudha akamsemesha kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Mashine iko wapi, mwanangu?"

"Barabara ni yetu, khala. Mawe ni ya wadi, yana ofisi nyingine. Wao wanasubiri barua yetu, na sisi twasubiri mkubwa wetu atie saini. Yuko safarini."

"Na mvua inasubiri saini ya nani?"

Yaqdhan akaitazama kofia. "Vitundu vyote hivi unashona kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja. Kikiziba, nafumua. Kichwa cha mtu hakipumui kwa barua."

Kijana akaomba sepetu. Akaifunga kanzu yake nyeupe kiunoni, akaingia mtaroni, akachimba mpaka adhuhuri. Mawe madogo yalitoka, makubwa hayakutikisika. Bi Mahfudha akamimina ndoo moja kujaribu. Maji yalisimama, yakazunguka, kisha yakapita, membamba kama uzi.

"Yanapita, khala." Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Yanapita," aliitikia, naye anajua kuwa wadi haiji kwa ndoo.

Wakaingia ndani, wakainua kitanda, wakatia tofali mbili chini ya kila mguu. Msellem alimshika kijana mkono, asiuachie. Bi Mahfudha akamnywesha kijana chai ya maziwa, akampima kichwa kwa uzi, akaukata uzi na kuuchomeka kwenye kofia.

Milimani kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Tone la kwanza lilidondokea gari wakati Yaqdhan akifungua mlango. Ndani, kijiko kikagonga gilasi, kikagonga tena, na tena. Bi Mahfudha hakuondoka kizingitini.

"Kofia yako haijesha," alisema. "Karibu tena, mwanangu. Karibu yetu, siyo ile yenu."