Gunia la Chokaa

Kioo hutaka vitu vitatu: mchanga mweupe, magadi na chokaa. Mchanga ndio mwili wenyewe. Magadi huufanya ukubali kuyeyuka kabla tanuri halijapasuka kwa moto. Chokaa ndiyo hukipa kioo uwezo wa kustahimili maji. Kazi yangu ilikuwa kupima, na ya kaka yangu kupuliza. Mdomo nilikuwa nao mimi, pumzi alikuwa nayo yeye.

Siku ya kutengeneza majagi yaliyoagizwa na hoteli tuligombana asubuhi juu ya nani atakaa na mama. Nikapima huku nimefura, namjibu moyoni maneno yote niliyoyakosa tulipokuwa nyumbani. Jioni, nikifagia, nikakuta gunia la chokaa nyuma ya mlango, limefungwa vilevile lilivyoletwa.

Majagi arobaini yalikuwa yameshapangwa, yanameremeta kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Nikajiambia pengine haitadhuru. Nikalimwaga gunia zima nyuma ya choo, nikanawa mikono.

Baada ya miezi miwili majagi yalirudishwa yote. Ndani yamefanya ukungu, na ukipitisha kidole yanateleza kama sabuni iliyolowa. Mwenye karakana akamgeukia kaka.

"Kioo si maziwa, bwana, hakichachi. Umekifanya nini?"

Kaka alilishika jagi moja, akaligeuzageuza. "Siku ile kilichelewa sana kuganda," akasema. "Nikadhani ni kioo. Kumbe ni mimi, mkono umeshachoka."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, sikufungua kinywa.

Kaka akaliegemeza bomba lake la kupulizia ukutani, akaondoka. Tangu hapo ni mlinzi wa lango la ghala la saruji, mtaa wa pili, na akipita mbele ya karakana huangalia upande mwingine. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ana ndevu sasa, maana nimemlea miaka tisa.

Juzi nilimfuata langoni, nikamweleza yote: hasira, gunia, choo. Nilitegemea anizabe kofi. Ningelipokea kwa mikono miwili.

"Miaka tisa?" akauliza.

"Nisamehe, kaka."

"Mdogo wangu, ungeniambia siku ile, ningekutukana mpaka sauti inikauke. Halafu kesho yake ningekuja kazini."

Nililia pale pale, watu wanapita. Naye hakunifukuza, alinisogezea kiti chake.

Lori likapiga honi. Akaenda kulisukuma lango, hatua kumi hivi, akarudi anahema katika vumbi la saruji, mkono kifuani. Huyu ndiye aliyekuwa akilipuliza jagi zima kwa pumzi moja, kisha anatania kwamba imebaki ya kikombe. Nikainuka nimpishe kiti, nikamchotea maji kwenye kikombe chake cha plastiki.