Kengele ya Ngamia

Mzungu mmoja wa Timau aliacha gari lake la spoti kwenye gereji yangu Isiolo, akaenda Ulaya, hakurudi. Lilikuwa jekundu, viti vya ngozi, paa la turubai unalikunja nyuma. Injini ikinguruma, hata mimi nilicheka, na miaka ile ya vita vya shifta sikuwa mtu wa kucheka.

Kila asubuhi nililipeleka mpaka kizuizi cha Ngaremara. Askari aliuliza pasi ya kutoka Isiolo. Mborana kama mimi apewe pasi na nani? Nikageuza. Kizuizi cha Meru, hivyo hivyo. Gari la mbio hivi, na mimi nazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba!

Siku moja mama yangu, Kabale, akaja na kengele ya mbao. Ngamia wake wote walikuwa wamepigwa risasi vitani. Kengele hiyo tu ndiyo ilibaki. Akaifunga mbele ya gari.

"Mnyama mzuri hivi hatembei bila kengele," akasema. "Akipotea, utamtafuta vipi?"

Nikawaka. "Mama, atapotelea wapi? Huku askari, kule askari!"

Akakaza fundo. "Najua, Boru. Mimi nitakuwa nasikiliza. Siku nisipoisikia ikirudi, nitamshukuru Mungu."