Mkazi wa Juu ya Baa

Mkutano wa kupitisha mpango mpya wa katikati ya mji uliitishwa saa nne asubuhi, ndani ya baa ileile iliyolalamikiwa kwa kelele za muziki, eti ndiyo yenye viti vya kutosha. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Saroj, mjane wa miaka sabini na moja aliyekuwa akiishi juu ya baa hiyo, alikaa mbele kabisa.

Fabian, afisa mipango miji, alitandika ramani mezani. Mtaa huu, alisema, utakuwa wa burudani. Muziki ruksa hadi alfajiri, kwa kuwa hauna wakazi.

"Na mimi je?" Saroj akauliza.

"Mama, kwenye ramani ghorofa ya juu ni stoo."

Stoo! Aliletwa humo akiwa bi harusi, akalea watoto watatu, akamfumba macho mumewe humo humo.

"Mama yangu, nakuheshimu," alisema Sylvanus, mwenye baa, Mkibosho mwenye maneno matamu. "Hamia kule Shanty Town kwa matajiri, kumetulia. Mizigo nitakubebea bure."

"Nani kakwambia nahama? Chezeni, sikatai. Ijumaa na Jumamosi mwisho saa sita usiku, siku nyingine saa nne. Basi."

"Pingamizi tunapokea kutoka kwa wakazi tu," Fabian akakata maneno.

Saroj akainuka, akatoka. Wakadhani ameshindwa. Thubutu!

Alipanda ngazi, akaburuta kinu hadi katikati ya sakafu ya mbao, pale alipokisia kichwa cha Fabian kipo, akaanza kutwanga binzari. Alitwanga kwa mikono miwili, kwa raha zake zote. Kupitia nyufa za mbao alisikia afisa akipaza sauti, akikohoa vumbi, akianza upya.

"Nani anapiga kelele huko juu?"

"Hakuna mtu, mheshimiwa," akajibu Hilaria, mpishi wa baa. "Ni stoo."

Baa nzima ikaangua kicheko. Saroj akaongeza kasi.

Hatimaye hodi ikapigwa. Fabian alisimama mlangoni akihema, fomu ya pingamizi mkononi, Sylvanus nyuma yake.

"Mama, tafadhali acha. Hatusikilizani."

"Robo saa tu mmechoka? Mimi huu mwaka wa tatu."

Fabian akainamisha macho, akafungua fomu, akatoa penseli sikioni.

"Jina la mkazi?"

Saroj hakuuachia mchi.

"Rudisha hiyo penseli," alisema. "Niandike kwa kalamu."