Nyaya za Dereva na Sindano ya Bibi Pindo

Fundi wa nguo akizeeka, macho hupungua lakini vidole huwa na kiburi. Bibi Pindo alikuwa na vidole vya namna hiyo. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu hakuona kitu chenye ukingo akakiacha bila kukipinda: mapazia, vitambaa vya meza, hata mfuko wa kubebea vitunguu. Alikuwa akiishi na mwanawe, dereva wa teksi, na mkaza mwanawe, muuguzi wa zahanati iliyokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani.

Wiki ile nyumba ilikuwa na neno moja tu: Jaji. Alikuwa mwanamke mstaafu, mwenye miwani ya mnyororo, aliyekwenda kila siku kufundisha sheria chuoni, na alikuwa akitafuta dereva mwenye gari wa kumpeleka na kumrudisha. Madereva watatu walikwishajaribiwa wakaanguka. Wa kwanza gari lake lilikuwa na nyaya sakafuni, kiatu cha Jaji kikanasa, akatoka garini mguu mmoja peku. Wa pili alikuwa akitafuta chaja huku anaendesha. Wa tatu hakuna aliyejua alifanya nini, ila alionekana akirudi mwenyewe saa mbili asubuhi, amenuna. Sasa ilikuwa zamu ya mwana wa Bibi Pindo. Jumamosi, saa nne, safari moja ya majaribio.

Akishindwa, Jumatatu angeondoka na malori ya masafa marefu, maana teksi peke yake haikuwalisha tena. Mwenye malori alikuwa akimngojea. Ni kazi ya kurudi nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, ukaja umevimba miguu na mtoto wa jirani anakuuliza, "Wewe nani?" Bibi Pindo alikwisha kuishi na mume wa malori. Alijua kitanda cha upande mmoja kinavyokuwa. Hakutaka mkwe wake akijue.

"Mwanangu," alisema siku ya Alhamisi, amesimama kando ya teksi huku ameshika kiuno, "humu ndani umefuga nyoka?"

Kweli palitisha. Waya wa kamera ulining'inia kwenye kioo. Waya wa feni ulipita juu ya usukani. Chaja tatu zilikuwa zimekumbatiana kama ndugu waliopatana msibani. Chini ya kiti palikuwa na pampu ya tairi, tochi, redio ya akiba, na waya mweusi mnene ambao hata dereva mwenyewe hakuujua.

"Huu wa nini?"

"Utafaa siku moja, mama."

"Siku gani?"

"Siku moja."

"Basi siku hiyo ikija uniamshe."

Akavuta vyote, akavipakia kwenye beseni la kufulia, akaingia navyo ndani. Na kwa kuwa mkono ukishaanza kazi hauulizi ruhusa, akakusanya na vya nyumbani: vya nyuma ya televisheni, vya kabatini, vya chini ya kitanda. Akavitandaza juu ya meza yake ya kukatia. Akahesabu. Thelathini na moja! Watu watatu, nyaya thelathini na moja.

Alikaa nazo siku nzima, mmoja mmoja. Aliufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, akaukausha, akauchomeka, akaona kama unafanya kazi. Uliokufa aliuweka kushoto, ulio hai kulia. Kisha akakata vipande vya lastiki ya kiuno, urefu wa kidole cha kati, akatia kifungo upande mmoja na tundu upande wa pili, akafunga kila waya mkanda wake. Vifungo vya bluu vya mwana, vyekundu vya mkwe, vya maua vya kwake mwenyewe. Waya wa pasi aliufunga. Wa feni aliufunga. Nyuma ya televisheni alipigilia kikapu cha mkate kilichotoboka, nyaya zote zikalala humo kama vifaranga, na zulia likaonekana rangi yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi.

Ijumaa asubuhi muuguzi alirudi mbio kutoka zahanati, anahema.

"Mama! Kipimo changu cha moyo kiko wapi?"

"Kipi hicho?"

"Kile cha kutia masikioni!"

Bibi Pindo akafungua droo. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, kina mkanda wa lastiki na kifungo chekundu.

"Nilidhani ni chaja," alisema.

Muuguzi alitazama mkanda, akamtazama mama mkwe wake, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Wagonjwa wangu wakiuliza, nitawaambia moyo umevaa suruali," akasema, akakimbia tena, na ule mkanda hakuutoa.

Kazi ya gari ilianza mchana wa Ijumaa. Bibi Pindo alitafuta suruali mbili kuukuu za jinzi, akazifumua, akaziunga pande zote, akatengeneza pazia la mifuko kumi na minne la kuning'inia nyuma ya kiti cha mbele cha abiria. Kila mfuko aliupimia kitu chake kwa futi. Na kila mfuko aliuandikia kwa chaki, kisha akapitisha uzi mweupe juu ya chaki, kwa zile herufi kubwa alizofundishwa darasa la nne na ambazo hakuwahi kuona sababu ya kuzibadili: CHAJA NENE. CHAJA NYEMBAMBA. TOCHI. PAMPU. Wa mwisho, wa ule waya mweusi, aliufikiria sana, akaandika: SIJUI WA NINI LAKINI HAUJAFA.

Akaongeza na ujanja wake mwenyewe. Ndani ya mifuko ya chaja alishona lastiki, akaifunga kwenye waya. Ukivuta chaja inakuja, ukiiachia inarudi mfukoni yenyewe. Alijaribu mara ishirini. Chwap. Chwap. Alicheka peke yake kama msichana.

Jumamosi saa tatu alikuwa garini, amekaa kiti cha nyuma, pazia la mifuko mbele yake. Nyaya za dashibodi alikwishazibana kwa vibanio vya nguo na kuzipitisha chini ya zulia, za chaja zikafika mpaka mifukoni, hata moja haikuonekana. Ilibaki jambo moja. Pazia lilikuwa limefungwa juu, lakini chini lilikuwa likicheza. Gari likikata kona, lingempiga Jaji magoti.

"Nalishona kwenye kiti," alisema.

"Mama, saa zinakwenda," dereva alisema kutoka nje, anafuta kioo.

"Zinakwenda wapi? Nenda ukavae shati."

Akachukua sindano iliyopinda, ile ya magodoro, na uzi mnene uliopakwa nta. Upindo ulikuwa chini sana, usawa wa magoti yake, na miwani ilikuwa ndani. Kuifuata? Aah! Fundi wa kweli hushona kwa vidole. Alishona huku anatazama dirishani, akimsalimia huyu, akimuuliza yule habari za mgonjwa. Jinzi ilikuwa ya bluu, na gauni lake pana lilikuwa la bluu, na kwa vidole kitambaa kizito ni kitambaa kizito. Akashona shibiri nzima. Akarudia mshono mara ya pili, maana aliyemfundisha kazi alimwambia mshono mmoja ni ahadi, miwili ni kiapo. Akapiga mafundo matatu, akakata uzi kwa meno.

"Haya," akasema, akataka kuinuka.

Hakuinuka.

Akajaribu tena. Kiti cha mbele kikalia kwii. Akapapasa kwa mkono, na mkono ukamwambia yote. Moyo wake ukashuka mpaka kwenye kandambili. Mkasi ulikuwa juu ya meza ya kukatia.

"Baba! Baba njoo!" aliita.

Dereva alikuja, shati jeupe, vifungo bado viwili. Lakini hakuja peke yake. Jaji alikuwa nyuma yake, amewahi nusu saa, mkoba kwapani.

"Hili ndilo gari?"

"Ndilo, mheshimiwa. Karibu." Dereva akafungua mlango wa nyuma, akainama, akanong'ona, "Mama, shuka."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimeshonwa."

"Umefanywaje?"

"Nimeshonwa, mwanangu. Na kiti. Usinitazame hivyo, aliyenishona ni mimi."

Jaji alikuwa amekwisha kuingia upande wa pili na kufunga mlango. "Na huyu mama?"

Dereva akafunga mlango, akajipachika nyuma ya usukani. Bibi Pindo akajiweka sawa, akakunja mikono juu ya magoti kufunika aibu yake.

"Mimi mkaguzi wa nyaya, mheshimiwa," akasema. "Safari ya kwanza lazima niwepo."

"Hm," alisema Jaji. "Twende."

Wakaenda. Dereva aliendesha kama amebeba mayai, jasho linamtiririka masikioni. Walikata kona ya kwanza, ya pili, mzunguko wa sokoni. Hakuna kilichogonga, hakuna kilichoanguka. Jaji aliangalia sakafu, akaangalia dashibodi, akavaa miwani yake ya mnyororo na kuanza kusoma mifuko, mmoja baada ya mwingine, kama anasoma hukumu. Alipofika wa mwisho alisoma kwa sauti.

"Sijui wa nini lakini haujafa." Mdomo wake ulitaka kufanya jambo, akauzuia. "Simu yangu inakaribia kuzimika. Mfuko gani?"

"Nene au nyembamba?"

"Nyembamba."

"Mfuko wa pili, mheshimiwa. Vuta taratibu."

Jaji alivuta, akachomeka simu, akaiweka mapajani, akaiachia ili afunge mkoba.

Chwap!

Simu iliruka kama panzi, ikazama mfukoni, kimya. Jaji alitazama mapaja yake matupu. Kioo cha kutazamia nyuma kilimwonyesha dereva macho hayo, naye akaona kwa macho ya moyo lori refu linamngojea, mlango wazi.

Jaji akaingiza vidole viwili, akaitoa simu. Ilikuwa nzima, inachaji. Akaishika. Akafikiri. Akaiachia.

Chwap!

"Lastiki ya kiuno," Bibi Pindo alisema polepole. "Pengine nimeipunguza sana."

"Imefungwa wapi?" Jaji aliuliza, na sasa alikuwa ameinama kabisa. Akaifuata lastiki kwa kidole, kutoka mdomo wa mfuko hadi tumboni mwake, kutoka tumboni hadi chini, kwenye upindo. Akaufuata upindo kwa raha ya mtu anayependa kazi nzuri. Kidole kikaenda, kikaenda, kikatoka kwenye jinzi, kikapanda juu ya goti la Bibi Pindo.

Kikasimama.

"Mama. Mbona gauni lako linaingia kwenye kiti?"

Gari lilikuwa limefika lango la chuo. Dereva alizima injini. Bibi Pindo aliona kwamba hapa hapana pa kupindia.

"Mheshimiwa, mimi si mkaguzi. Mimi ni mama yake. Nimejishona. Ningesema mapema, lakini kijana huyu akikosa kazi yako Jumatatu anachukua lori, na mimi nilishaolewa na lori, najua. Nyaya ni zake, ujinga ni wangu. Mpime yeye kwa uendeshaji wake, mimi niache hapahapa kitini."

 Mlinzi wa lango alichungulia. Kisha Jaji akatoa sauti ndogo puani, kama chai inayoanza kuchemka. Ikafuata nyingine. Mara akaangusha kichwa kwenye kiti, mabega yanatetemeka, miwani inaning'inia, na kicheko kikatoka chote, kile cha kuumiza mbavu. "Miaka thelathini!" alisema akipata pumzi. "Miaka thelathini nimesikiliza mashahidi! Hakuna aliyewahi kufika mbele yangu ameshonwa!" Bibi Pindo akashikwa naye. Wakacheka mpaka gari likatikisika, na dereva, ambaye hakuthubutu kutoa sauti, akacheka akiwa ameuma mkono wa shati.

"Mlinzi ana kisu," Jaji alisema, akifuta machozi.

"Kisu!" Bibi Pindo akashtuka. "Mheshimiwa, huo mshono ni kiapo. Ukiukata ovyo mifuko yote itaanguka. Unafumuliwa. Una pini ya nywele?"

Alikuwa nayo. Wanawake wale wawili wakainamisha vichwa vyao pamoja, Jaji akifumua uzi tundu baada ya tundu, Bibi Pindo akimwelekeza.

"Usivute. Inua. Inua kwanza, halafu upe uzi nafasi."

"Hivi?"

"Hivyo. Una mkono, mheshimiwa. Ungekuwa fundi."

"Nyamaza, unanichekesha, nitakuchoma."

"Hapo umenichoma tayari."

Walimaliza baada ya robo saa. Gauni lilibaki na safu ya matundu, pazia likabaki zima. Bibi Pindo alishuka, akanyoosha magoti, akasimama kando ya mwanawe kama mshitakiwa wa pili. Jaji aliweka pini nywelani, akavaa uso wake wa kazi.

"Nimeona gari," alisema. "Nimeona dereva, kona zote amekata bila kuniyumbisha, na mama yake nyuma. Jumatatu, saa moja kasoro robo, nyumbani kwangu." Akamgeukia Bibi Pindo. "Na aje peke yake."

"Peke yake, mheshimiwa! Peke yake kabisa!"

 Dereva alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kukitikisa hata baada ya Jaji kuingia langoni. Kisha akampigia mwenye malori palepale barabarani, kwa sauti iliyopanda juu kama ya mvulana. "Mzee, samahani, sitakuja! Nimepata kazi hapa nyumbani! Ndiyo, hapahapa! Jioni nalala kwangu!"

Bibi Pindo hakuyasikia yote. Alikuwa ameshika upande wa gauni lake uliojaa matundu, anazunguka na kuzunguka pale langoni kwenye jua la saa nne, mlinzi anampigia makofi, bila hata kujua ni kwa ajili ya nini.