Kidude Kinachosema Barabarani

Kwa karibu mwaka mzima Warigia hakumwacha mumewe Theuri aendeshe gari peke yake. Kila mara pikapu ilipopakiwa kabichi na karoti za kupeleka kwenye hoteli za Nanyuki, naye alipanda, akafunga mkanda, akashika begi lake magotini. Watu wa Endarasha walimcheka. Walisema mapenzi ya uzeeni ndiyo yanayounguza, eti mama huyu anaogopa mzee ataibiwa njiani. Warigia alicheka pamoja nao.

Wakishaingia lami kazi yake ilianza.

"Tuta hapo, Baba Shiku."

"Nimeona."

"Punguza kidogo, kuna watoto wa shule."

"Mama, hata mimi niko na macho!"

Macho alikuwa nayo kweli, ila yalikuwa yameanza kumkimbia. Warigia alilijua hilo tangu asubuhi ile ya ukungu alipomsikia akimwamkia ndama aliyesimama kando ya ua: "Mwai, umeamkaje? Mbona mapema hivi?" Mwai ni jirani yao. Ndama hakujibu, na Theuri aliingia ndani akilalamika kwamba Mwai siku hizi ana maringo. Siku hiyo Warigia alicheka hadi akalazimika kuketi. Jioni yake akamkuta ameishika Biblia, anaisoma kwa sauti zaburi anayoijua kwa moyo, na ukurasa uliokuwa wazi mbele yake ni wa Nyaraka. Hapo kicheko kilimwisha.

Katika nyumba ile macho hayakuwa jambo la kuzungumziwa. Ngugi, baba mdogo wa Theuri, alipofuka kwa ugonjwa wa presha ya macho, na ni Theuri mwenyewe, enzi za ujana wake, aliyefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili mzee ajiongoze kwa mkono. Warigia aliiona kamba ile kila alipofumba macho. Aliona kwamba akilitaja jambo hilo atakuwa amelileta. Basi akawa anapanda gari na kusema "tuta hapo".

Kisha Shiku, binti yao aliyeolewa Kitale, akajifungua mapacha. Alipiga simu analia kwa furaha na uchovu. Mama alihitajika huko, tena upesi, na si kwa wiki moja wala mbili.

Warigia alizunguka jikoni siku nzima akijiuliza nani atasema "tuta hapo" yeye akiwa mbali. Angemwomba mzee asiendeshe, angelazimika kumwambia sababu. Ndipo alipokumbuka maneno aliyoyasikia kanisani, kwamba kuna vidude vya kuweka ndani ya gari vinavyomwambia dereva kamera za mwendo ziko wapi.

"Tununue moja," alimwambia Theuri wakila chakula cha jioni. "Siku hizi kamera zimejaa kila mahali. Na hiyo simu yako ipate stendi, isiwe inaanguka miguuni ukiendesha."

Alitarajia ubishi. Theuri hakuwa mtu wa kukubali vitu vipya. Hata redio ya gari aliifungua kwa shingo upande. Lakini alijibu haraka mno.

"Ni kweli. Tununue. Lakini iwe ya kusema. Sitaki ya kuandika-andika."

Warigia aliinamia sahani yake. Alielewa wakati huo kwamba mumewe naye anajua, na kwamba kila mmoja amekuwa akimficha mwenzake kitu kilekile.

Duka lilikuwa Nanyuki, karibu na soko, na mwenyewe aliitwa Nekoye, mama mnene mwenye sauti ya uchangamfu aliyetoka Webuye miaka mingi iliyopita na mume wake mwalimu. Aliwakaribisha kwa viti, akaanza kutandaza bidhaa juu ya meza ya kioo.

"Tuanze na stendi za simu. Hii inanata kwa kioo cha mbele. Iko sawa, lakini jua ya mchana ikiwaka mpira unalegea. Hii nyingine inabana pale hewa inatokea. Mnatoka wapi?"

"Endarasha," Theuri alisema.

"Na ile barabara ya kuingia shambani? Basi hii mtavunja hiyo plastiki ya hewa kabla ya Jumapili. Hii ya sumaku simu inaruka kwa shimo. Nawashauri hii ya mguu mrefu, inasimama pale kwa kuwekea chupa. Haitingiziki, tena haizuii mzee kuona mbele."

Theuri na mkewe walisikia maneno hayo ya mwisho, na wote wawili wakaanza kukagua stendi kwa bidii kubwa.

"Sasa ya kamera," Nekoye aliendelea. "Kuna zile za kunasa mashine ya askari ya kupima mwendo. Hizo siuzi, sitaki kesi na mtu. Hii hapa inatumia setilaiti, imewekewa mahali kamera za kudumu ziko. Ukikaribia inakuambia. Lakini askari akijificha nyuma ya mti na mashine yake, hii haijui. Nasema ukweli ndio msirudi kunigombeza."

"Inasema kwa sauti?" Warigia aliuliza.

"Inasema, na pia inaonyesha. Ona skrini yake, kubwa, rangi safi..."

"Skrini si kitu. Inaweza kusema kuna tuta?"

"Matuta mengine, ndio."

"Na kona?"

"Kona kali, zile zinajulikana."

"Na mtu akiwa anavuka barabara?"

Nekoye alimtazama Warigia, kisha akamtazama Theuri, aliyekuwa ameishika ile mashine karibu kabisa na pua. "Mama, hapana. Mtu anayevuka, setilaiti itamjulia wapi?"

Theuri alikohoa. "Tuijaribu kwanza," alisema. "Sinunui kitu bila kusikia inaongea vipi."

Nekoye alimwachia jirani duka, akaketi mbele pamoja na Theuri ili kumwonyesha namna ya kutumia kidude. Warigia aliketi nyuma, kwa kuwa pikapu yao ilikuwa ya safu mbili za viti. Walichukua barabara ya Doldol kwa sababu haina magari mengi. Kidude kilikaa kwenye dashibodi, kikasema kwa sauti ya mwanamke mpole, "Kikomo cha mwendo, hamsini." Theuri akatabasamu. Kikasema, "Tuta mbele," na kweli tuta likaja. Alipunguza mwendo vizuri, akalipita, akapiga usukani kwa kiganja.

"Wacha! Hii ni kama kuwa na Mama Shiku, lakini haigombani!"

Nekoye alicheka. Warigia naye alijaribu kucheka. Kutoka kiti cha nyuma, kichwa cha Nekoye kilimzibia barabara. Alijaribu kujiambia kwamba mambo yatakuwa sawa. Atakwenda Kitale, atabeba wajukuu, na mashine itasema.

Walipoingia mahali barabara inaponyooka, jua likiwapiga usoni, Nekoye aliinama kuongeza sauti ya kidude. Warigia akaona mbele. Kundi la mbuzi lilikuwa linavuka, wengi, weupe na wekundu, mchungaji akiwa katikati yao na fimbo begani. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

"Kikomo cha mwendo, themanini," kidude kilisema kwa upole.

"Simama!" Warigia alipiga kelele. "Theuri, mbuzi! Mbuzi! Simama!"

Theuri alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu iliyumba, matairi yakalia, vumbi likawafunika. Liliposhuka, mbuzi mmoja alikuwa amesimama akigusa bampa kwa pembe, anawatazama. Kisha akageuka akawafuata wenzake. Hakuna aliyeumia.

Mchungaji alikuja dirishani. Alikuwa mtu mzima, wa rika la Theuri mwenyewe, amejitanda shuka nyekundu.

"Mzee! Mimi na mbuzi wote hawa! Wewe huoni?"

Theuri alikuwa bado ameshika usukani. Warigia alisubiri aseme jua lilimpiga, breki ni mbovu, mbuzi hawafai kuwa barabarani. Yeye mwenyewe alikuwa na visingizio hivyo vyote tayari mdomoni.

"Sioni," Theuri alisema.

Mchungaji aliishusha fimbo begani.

"Sioni, rafiki yangu. Nisamehe. Nimeona kama vumbi jeupe tu." Alizima gari, akatoa ufunguo, akaunyoosha kwa Nekoye bila kugeuza kichwa. "Mama, unajua kuendesha?"

"Najua."

"Turudishe mjini."

Alishuka. Warigia naye alishuka, na wakasimama kando ya barabara. Theuri alikuwa analia bila sauti, machozi yakimtiririka hadi kwenye masharubu.

"Ni kama baba mdogo," alisema. "Imeanza kama yake. Sikutaka ujue."

"Nilijua siku ile uliamkia ndama ukidhani ni Mwai."

"Ndama?"

"Ile asubuhi ulisema Mwai ako na maringo."

Theuri alimtazama, au alitazama pale sauti yake ilipotoka. "Ilikuwa ndama?" Na katikati ya machozi akaanza kucheka. Warigia akamshika mkono, na alipoushika aliona haya kuu. Kama si mbuzi wale, angemwacha mume wake na kisanduku cha plastiki, aue mtu au afe, kwa sababu tu yeye aliogopa neno.

Walipofika dukani Nekoye aliegesha pikapu uani, akawapa chai yenye maziwa mengi, akakirudisha kidude ndani ya katoni yake. "Hii kitu ni ya kumkumbusha mtu anayeona," alisema. "Gari ikae hapa. Nyinyi kesho mwende Nyeri kwa daktari wa macho. Mama yangu pia alijificha hivi. Tulipompeleka akatibiwa, alijicheka miaka mingi kwa kujificha bure."

Usiku ule Theuri hakulala, na Warigia hakulala. Asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki. Daktari, mwanamke kijana mwenye vidole baridi, alimtia Theuri matone, akamwangalia jicho hili, akaangalia lile, akapima presha yake, akarudia kupima. Warigia alikuwa anaomba kimoyomoyo, sala isiyo na maneno.

"Mzee, nani alikuambia ni presha ya macho?"

"Hakuna. Ni ya kwetu. Baba yangu mdogo..."

"Presha yako iko sawa kabisa. Nyuma ya jicho pia ni pazuri. Hii ni mtoto wa jicho. Lenzi imekuwa na ukungu. Tunaitoa, tunaweka nyingine. Utaona."

"Nitaona kidogo?"

"Utaona, mzee. Kama zamani."

Theuri aliuliza tena, na daktari akajibu tena, na mara ya tatu Warigia akatoka nje. Aliketi chini kabisa, kwenye nyasi, mbele za watu, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa akalia kama msiba umemfika. Mama mmoja alimwendea kumpa pole. Warigia alishindwa kumweleza, akawa anatikisa kichwa tu, "Hapana, hapana, ni mazuri, ni mambo mazuri."

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji, na la pili likafuata baadaye. Shiku, alipoambiwa, alisema mama mkwe wake atamsaidia kwa muda, baba apone kwanza. Siku ya kufunguliwa bandeji ya jicho la kwanza, Theuri aliketi kitandani akipepesa macho. Alitazama dirisha. Alitazama viatu vyake, akaomba radhi kwa vumbi lake. Kisha akamgeukia mkewe, akamkazia macho kwa muda mrefu.

"Warigia," alisema. "Umezeeka."

Muuguzi alishtuka. Lakini Warigia alikuwa tayari amejishika mbavu, anacheka hadi wagonjwa wa upande wa pili wakaanza kucheka bila kujua sababu.

Walienda Kitale pamoja, kwa basi, kwa kuwa daktari alikuwa bado hajamruhusu kushika usukani. Theuri alidai kiti cha dirishani. Alisoma kila kibao walichopita, majina ya maduka, ya makanisa, ya shule, bei za mbolea, matangazo ya mazishi yaliyobandikwa kwenye nguzo, vyote kwa sauti, mpaka abiria wa mbele akageuka kuona ni nani. Warigia alimsikiliza kwa muda. Halafu akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, na kabla hawajafika Nyahururu alikuwa amelala fofofo.